Maisha ya Ninomiya Sontoku, Mkulima wa Kayama

Wasomaji wa kitabu hiki cha ukumbusho watakuwa wamekwisha kuziona hesabu za Chama chetu kwa miaka kumi, na majina ya wajumbe wa Halmashauri, na picha ya ghala. Sisi tumepewa kurasa hizi chache tueleze habari za mtu asiyekuwa wa nchi yetu, na ambaye, kwa kadiri tuwezavyo kukisia, hakupata kamwe kusikia kwamba nchi yetu iko. Mtu huyo ni Mjapani aliyefariki mwaka 1856, jina lake Ninomiya Sontoku. Utotoni aliitwa Kinjiro, na kwa jina hilo ndivyo watu wa kwao walivyozoea kumtaja.

Tumemchagua kwa sababu hii. Mara kwa mara katika mikutano yetu huzuka swali la shamba la baba. Mtu aliyerithi shamba pamoja na desturi za kulilima, je, ana ruhusa ya kuzibadili? Na akizibadili, je, amewavunjia heshima waliomwachia? Wazee wengine hulijibu swali hili kwa dini, na vijana wengine hulijibu kwa kuicheka dini. Ninomiya alikuwa mtu wa dini sana, na alibadili mambo mengi sana, hata shamba lenyewe la wazee wake hakulibakiza. Jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa ndani ya mtu mmoja ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

Kayama ni kijiji cha bondeni karibu na mji wa Odawara, upande wa kusini-magharibi wa jiji ambalo siku zile liliitwa Edo na leo ni Tokyo. Kinjiro alizaliwa huko mwaka 1787. Karibu na kijiji hupita mto Sakawa, na mto huo uliyatawala maisha ya watu wa pale kuliko mtawala yeyote. Mwaka 1707 mlima Fuji ulilipuka ukamwaga majivu na mchanga juu ya nchi yote ile. Mvua zikausukumia mchanga huo mtoni, sakafu ya mto ikapanda, na tangu hapo Sakawa ukawa mto wa kuvunja kingo. Twawaomba wasomaji waikumbuke habari hiyo ya majivu. Mtoto aliyezaliwa miaka 80 baada ya mlipuko ule aliharibiwa urithi wake na jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wake aliyelitenda, na ambalo hakuna juhudi ya ukoo wake ingaliweza kulizuia.

Babu yake, Ginemon, alikuwa mtu wa kubana matumizi. Kwa kulima na kuweka akiba alijikusanyia shamba la zaidi ya hekta mbili, ambalo katika nchi ya majaruba ya mpunga ni shamba la mtu mwenye nafasi. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, alimtwaa kijana wa ukoo wake aitwaye Riemon awe mwanawe na mrithi wake. Riemon hakufanana na mzee yule. Alipenda vitabu, na mkono wake ulikuwa wazi. Aliyekuja kuomba alipewa, aliyekuja kukopa alikopeshwa, na asiyelipa hakudaiwa. Majirani wakamsifu kwa wema wake, na mali ikaanza kupungua hata kabla mto haujaigusa. Huyo Riemon ndiye baba yake Kinjiro.

Mwaka 1791 kingo za Sakawa zilivunjika. Mashamba ya Riemon karibu yote yakafunikwa na mchanga na mawe. Kinjiro alikuwa mtoto wa miaka minne hivi. Miaka iliyofuata baba alijitahidi kuyafukua majaruba huku akiuza vipande vya ardhi ili kulipa madeni, na mwisho afya yake ikamtupa. Wanasimulia kwamba zamu ya kijiji ya kujenga tuta la mto ilipofika, mtoto alikwenda badala ya baba, na kwa kuwa nguvu zake hazikutosha kazi ya mtu mzima, usiku alisuka viatu vya majani ya mpunga akawapelekea wafanyakazi, ili deni lake la jasho lisibebwe na wengine. Wanasimulia pia kwamba kwa ujira wa kulea mtoto wa jirani alinunua miche 200 ya misonobari akaipanda juu ya tuta. Huenda hadithi hizi zimenakshiwa na wanafunzi waliompenda. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuzikataa, kwa maana zinafanana sana na mambo aliyoyatenda alipokuwa mtu mzima, ambayo yameandikwa katika madaftari yake mwenyewe.

Riemon alifariki mwaka 1800. Mama akafariki mwaka 1802, na mwaka huo huo mto ukafurika tena ukachukua kidogo kilichosalia. Ndugu watatu wakatengana: wadogo wawili wakachukuliwa na jamaa za mama yao, na Kinjiro akaenda kukaa kwa baba yake mkubwa, Manbei.

Manbei ametajwa vibaya katika vitabu vingi, kwa kuwa alimkataza kijana kuwasha taa usiku ili asome. Sisi twamwonea huruma kidogo. Alikuwa mkulima mwenye watoto wake wa kuwalisha, na mafuta ya taa yalikuwa ghali. Wala hakukosea alipofikiri kwamba kitabu hakijazi chungu. Kinjiro hakubishana naye. Aliazima mbegu kidogo za mafuta, za jamii ya haradali, akazipanda kwenye kipande cha ukingo wa mto kisichokuwa na mwenyewe, na mavuno yake akayabadilisha kwa mafuta. Akawa na taa yake mwenyewe. Kisha akaokota miche ya mpunga iliyotupwa na wapandaji, miche ambayo kila msimu huachwa ikauke kando ya majaruba, akaipanda katika shimo lililoachwa na mafuriko. Akavuna kiasi cha gunia moja.

Gunia lile moja lilimfundisha jambo ambalo hakulisahau tena. Ardhi iliyoharibika hailipiwi kodi. Aliyeigeuza ikawa shamba huvuna vyote mwenyewe kwa miaka kadha wa kadha, na mavuno hayo yakirudishwa ardhini kama mbegu huzaa shamba jingine. Mafuriko yaliyoifilisi nyumba yao yaliacha nyuma yake mahali pengi pa kuanzia, na watu walipita kando kila siku wasipaone kwa kuwa macho yao yalitafuta mashamba ya zamani.

Mwaka 1806 alirudi Kayama kwenye nyumba ya wazee wake iliyokuwa imechakaa. Akiba yote aliyoipata akaitia katika kukomboa vipande vilivyouzwa. Na hapa twataka mwanachama asidhani kwamba kijana alishika jembe la babu na kuendelea pale pale babu alipoishia. Vipande vingine alivikodisha kwa watu wengine wavilime, na yeye mwenyewe akaenda kufanya kazi ya ujira mjini Odawara na kuuza kuni, kwa sababu alikwisha kupiga hesabu akaona kwamba saa moja ya mjini ilimletea zaidi ya saa moja ya jarubani. Alipofika miaka 30 hivi alikuwa na karibu hekta nne, yaani kupita kiasi alichokuwa nacho babu yake. Ndipo watu wakaanza kumtazama.

Mjini Odawara alifanya kazi katika nyumba ya Hattori, mmoja wa wakuu wa serikali ya jimbo lile. Nyumba hiyo ilikuwa na cheo kikubwa na madeni makubwa zaidi. Kinjiro alianzia jikoni. Aliwaonyesha watumishi jinsi ya kukwangua masizi chini ya chungu, na jinsi ya kupanga kuni ili moto upate hewa, na kuni walizookoa akazihesabu kuwa fedha yao wenyewe. Akiba ndogo ndogo za watumishi akaziweka pamoja katika mfuko mmoja, na mtumishi mwenye shida akakopeshwa kutoka humo.

Jina la mfuko ule lilihusu zile fadhila tano ambazo mafundisho ya wahenga wa China yanamtaka mtu awe nazo. Maana yake aliieleza hivi: mwenye akiba kumkopesha asiye nacho ni utu, aliyekopa kulipa ni haki, akiisha kulipa, kuongeza kitu cha shukrani ni adabu, kutafuta njia ya kupata cha kulipia ni hekima, na kulipa kwa siku iliyowekwa ni uaminifu. Riba haikutozwa. Mkopaji aligawanya deni lake katika mafungu ya miaka kadhaa, na alipokwisha kulimaliza alilipa fungu moja zaidi, likabaki mfukoni ili mwingine akope. Mathalani, aliyekopa fedha kumi kwa miaka mitano alilipa mbili kila mwaka, na mwaka wa sita akalipa mbili tena. Mwaka 1820 mtawala wa Odawara, Okubo Tadazane, alitoa fedha mpango kama huo uwasaidie watumishi wake wa cheo cha chini waliozama katika madeni, nao wakadhaminiana kwa vikundi, hata mmoja asipolipa wenzake walipe. Wanachama wetu walioketi katika kamati za mikopo hawatahitaji maelezo zaidi.

Mwaka huo huo alilipendekeza jambo jingine ambalo lingalitosha kuliweka jina lake katika kitabu cha wakulima. Mpunga wa kodi ulipimwa kwa visanduku vya mbao, nao wapokeaji walikuwa na visanduku vya ukubwa mbalimbali, na daima kile kilichotumika kumpokelea mkulima kilikuwa kikubwa. Ninomiya aliomba kipimo kimoja kwa jimbo lote, kikakubaliwa. Sisi wenyewe tulipokuwa vijana tulipata kusimama mbele ya mizani ya mnunuzi mmoja, tukijua uzito tuliotoka nao nyumbani na kusikia uzito mwingine ukisomwa. Twaijua thamani ya kisanduku kile.

Sasa tuseme juu ya imani yake. Katika Japani ya siku zile dini ya kienyeji ya Shinto, dini ya Buddha na mafundisho ya Confucius yalikaa pamoja katika nyumba moja. Ninomiya aliyachukua yote matatu kama mganga anavyochanganya dawa, akiitilia Shinto kipimo kikubwa na hayo mengine nusu nusu. Msingi wake ulikuwa huu, kwamba kila mtu amezaliwa akiwa na deni. Mbingu zimempa mvua na jua, ardhi imempa chakula, wazazi wamempa mwili, na watu asiowajua wamelima mashamba kabla yake. Neno lake kuu, hotoku, maana yake ni kulipa fadhila. Deni hilo hulipwa kwa kazi, na kwa kuishi chini ya kipato, na kwa kuachilia ziada iende kwa mwingine au kwa mwaka ujao.

Lakini hakufundisha kwamba mtu akae kimya apokee alichopewa. Alitofautisha njia ya mbinguni na njia ya wanadamu. Mbingu huotesha mpunga na magugu sawasawa, wala hazijali ni kipi kinachomshibisha mtu. Mwanadamu ndiye apaliliaye. Mfano wake ulikuwa gurudumu la maji: nusu yake huufuata mkondo na nusu hupanda kinyume chake. Likitiwa lote majini huzuiliwa, na likitolewa lote hukauka. Kwa hiyo kwake yeye kubadili desturi ya shamba hakukuwa uasi dhidi ya Mbingu wala dhidi ya wazee, kwa maana shamba lenyewe ni mabadiliko yaliyofanywa na mzee fulani aliyeikuta nyika.

Imani hiyo ilipata kujaribiwa. Okubo Tadazane alikuwa na jamaa yake aliyemiliki vijiji vitatu vilivyoitwa kwa pamoja Sakuramachi, upande wa kaskazini wa Edo. Kaya zilizokuwa zaidi ya 400 hapo zamani zilikuwa zimepungua zikabaki kama 156, na kodi iliyozidi magunia 3,000 ilikuwa imeshuka hata kiasi cha 1,000. Maofisa kadha walikwisha kutumwa wakarudi wameshindwa. Tadazane akataka kumtuma mkulima. Ninomiya alikataa mara nyingi, kisha akaenda kupima. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akatazama udongo, mifereji, vyoo na ghala, akafungua madaftari ya kodi ya zaidi ya miaka mia. Aliporudi alitoa sharti moja, kwamba kwa miaka kumi mwenye nchi asipokee zaidi ya magunia 1,005, hata mavuno yakiongezeka namna gani. Ziada yote ibaki kijijini ifanye kazi. Tena aliomba asipewe fedha za msaada kutoka makao makuu, kwa kuwa aliona kwamba fedha za namna hiyo huwafanya wakubwa na wanakijiji wote wawili wazitazame badala ya kuitazama ardhi.

Sharti lilikubaliwa. Mwaka 1823 Ninomiya aliuza shamba lake.

Yatupasa kutua hapa kidogo. Lile lilikuwa shamba la Ginemon, lililopotezwa kwa mto na kwa ukarimu wa Riemon, na kukombolewa kipande baada ya kipande kwa karibu miaka 20. Kwa mtu wa imani yake makaburi ya wazazi hayakuwa mawe tu, na mrithi mkubwa aliyeiacha nyumba yao alikuwa ametenda jambo zito. Isitoshe, maisha yake ya nyumbani yalikwisha kumgharimu. Mtoto wake wa kwanza alikufa angali mchanga, na mkewe wa kwanza aliachana naye mwaka 1819, kwa kuchoka na mume asiyekuwapo. Kwa mke wa pili, Nami, alikuwa na mtoto mdogo wa kiume. Wanafunzi wake wamesimulia kwamba alikwenda kwanza makaburini akawaeleza wazazi wake kusudi lake, kisha akamwambia mkewe kwamba akitaka kubaki hatamlaumu. Mkewe akafunga mizigo. Nyumba, mashamba na vyombo vikauzwa, na fedha zake zikawa mtaji wa kazi ya Sakuramachi.

Alifikiri hivi: kama aliyonayo mtu ameyapokea ili ayapitishe mbele, basi kulishikilia shamba moja wakati vijiji vitatu vinakufa ni kulizuia deni lisilipwe. Wako watakaoona kwamba alikosea. Sisi hatuna hakika kwamba tungaliweza kutenda hivyo, wala hatumhukumu mwanachama awaye yote ambaye hangeweza.

Huko Sakuramachi hakupokewa kwa ngoma. Wale waliokuwa wakilima kwa siri ardhi isiyoandikwa hawakutaka mtu wa kupima. Wazee wa vijiji hawakutaka mgeni. Mwaka 1827 Odawara ilimleta ofisa mwingine, mtu wa cheo cha juu kuliko yeye, ambaye alitangua kila alichokiagiza. Kila siku Ninomiya aliondoka alfajiri kuzunguka mashambani, akiwatuza wafanyao kazi vizuri kwa kura ya wanakijiji wenyewe, akikarabati mapaa na kuchimba mifereji, na kila siku kazi yake ilivunjwa nyuma yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1829 alitoweka. Alikwenda hata Narita, kwenye hekalu la Shinshoji ambako huabudiwa Fudo, mlinzi asiyetikisika, akafunga siku 21 bila chakula, akijimwagia maji baridi. Kule Sakuramachi watu waligundua ghafula jinsi kijiji kilivyo bila yeye. Wakatuma wajumbe kumtafuta, na yule ofisa akaitwa arudi Odawara.

Alichokipata katika mfungo ule ndicho kinachotuhusu. Hakurudi na ushindi juu ya wapinzani wake. Alirudi akiwa ameona kwamba tangu mwanzo alikuwa amesimama upande mmoja wa duara na kuwaita adui waliosimama upande wa pili. Mwenye kupinga mabadiliko ana sababu yake, kama jaruba lenye maji mengi lilivyo na sababu ya kutozaa. Kazi ya mkulima ni kuitafuta sababu, na kulitukana jaruba hakuondoi maji. Tangu hapo, wanasema, alimtundika Fudo ukutani kwake kama ukumbusho wa kutoondoka mahali pake. Na tangu hapo kazi ikaenda. Miaka kumi ilipotimia ikaongezwa mitano, na mwisho kodi ya mwenye nchi ikawekwa kuwa magunia kiasi cha 2,000.

Habari ya biringani inajulikana na kila mtoto wa Kijapani aliyemsoma. Mwanzo wa kiangazi cha mwaka 1833 aliletewa biringani akalionja, nalo likawa na ladha ya biringani za mwisho wa msimu. Akaenda kutazama mizizi na majani shambani, akaona kwamba ardhini majira ya joto yalikwisha kupita. Akaamuru kila nyumba ipande hie, nafaka ndogo ivumiliayo baridi, kwenye robo eka hivi ya shamba la nchi kavu, na eneo hilo akalisamehe kodi. Watu walinung'unika, kwani hie ilikuwa chakula cha maskini, nao walikuwa wameanza kuizoea hali ya kula wali. Baridi ikaja. Njaa kubwa ya miaka ya Tenpo ilidumu, kwa vipindi, tangu 1833 hata 1837, na watu wengi mno wakafa katika Japani. Katika vijiji vitatu vya Sakuramachi hakufa mtu kwa njaa.

Mwaka 1837 njaa ilipoifikia Odawara yenyewe, Tadazane, akiwa mgonjwa kitandani huko Edo, alimtuma Ninomiya afungue ghala. Alipofika, maofisa wa Odawara walisema kwamba agizo la maandishi halijawafikia, wakaketi kujadili. Ninomiya hakupandisha sauti. Aliwashauri kwamba, kwa kuwa watu walikuwa wakifa wakingoja uamuzi, ingekuwa haki wajumbe nao wasile kitu hata uamuzi upatikane, naye mwenyewe angeketi pamoja nao bila kula. Ghala likafunguliwa siku ile ile. Zaidi ya watu 40,000 wa jimbo walipata msaada. Waheshimiwa maofisa wetu watatuwia radhi kwa kuirefusha habari hii.

Tadazane alifariki mwaka huo huo, na mlinzi wake alipoondoka Ninomiya alibaki bila ukuta wa nyuma. Mwaka 1842 serikali kuu ya Shogun ilimwajiri, ikamtuma kupima kazi ya mfereji wa ziwa Inba, na mwaka 1844 ikamwagiza atengeneze mpango wa kufufua vijiji vya milki ya Nikko. Aliandika kwa zaidi ya miaka miwili, ukatoka mpango wa vitabu vingi. Lakini mwaka 1846 jimbo la Odawara, nchi ya kuzaliwa kwake, liliutupilia mbali utaratibu wake na kuwakataza watu wake kushirikiana naye. Wenye nchi hawakupenda kuwekewa kikomo cha kipato chao, na hilo si ajabu. Mtu aliyeuza shamba la wazee wake ili kuitumikia Odawara sasa aliizuru nchi ya makaburi yao kwa shida.

Mpango wa Nikko ulianza kutekelezwa mwaka 1853, katika vijiji 89. Mwaka huo binti yake, Fumi, alifariki baada ya kujifungua. Mzee alikuwa mgonjwa. Alifanya kazi kwa miaka mitatu zaidi, mwanawe Yataro akimsaidia, na tarehe 17 Novemba 1856 alifariki huko Imaichi, karibu na Nikko, akazikwa huko huko. Yataro aliendelea na kazi mpaka serikali ya Shogun ilipoanguka mwaka 1868.

Mambo yaliyofuata baada ya kifo chake ni ya namna mbili, na haki yadai tuyaseme yote mawili. Vyama vya kukopeshana kwa utaratibu wake, ambavyo cha Odawara kilianza mwaka 1843, vilienea katika vijiji vingi, na sheria ya vyama vya ushirika ya Japani ilipotungwa mwaka 1900 kwa kufuata mfano wa Wajerumani, ilikuta wakulima wengi wamekwisha kuzoea kudhaminiana na kuweka akiba. Upande wa pili, serikali ilimtia katika vitabu vya shule, na sanamu yake akiwa mtoto mwenye mzigo wa kuni mgongoni na kitabu mkononi ikasimamishwa katika viwanja vya shule nchi nzima, ili watoto wafundishwe kutii na kutolalamika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sanamu nyingi za shaba ziliyeyushwa zikawa silaha. Walichokiacha nje ya vitabu vile ni lile sharti la magunia 1,005, yaani kwamba kikomo huwekwa kwanza juu ya mwenye kupokea. Na sisi twaongeza neno letu: katika maisha yake yote kazi yake ilisimama kwa idhini ya mtawala, na mtawala alipokufa ikayumba. Wakulima wa Sakuramachi walipiga kura ya nani atuzwe jembe, lakini hawakupiga kura ya nani awaongoze.

Ile nyumba ya Kayama aliyozaliwa, yenye paa la majani, ambayo babu yake Ginemon aliijenga, iliangukia mikononi mwa watu wengine na kuhamishwa mahali pengine. Mwaka 1960 ilirudishwa ikasimamishwa tena Kayama, mahali ilipokuwapo mwanzo, si mbali na mto Sakawa.